Barabara ya Zamani

Malori yote yamehamia barabara mpya.
Huku wameachwa mbuzi, nimeachwa mimi,
na mstari mweupe katikati ya lami
uliofifia kama chaki ubaoni shule zikifungwa.

Saa kumi na moja na nusu. Natoka Birkat al-Mauz
(Birika la Ndizi, baba hunitafsiria kila mara
kana kwamba sijawahi kusikia),
taa ndogo mbele, chupa mbili za maji,
tende sita mfukoni mgongoni
ambazo zimekwisha kubanana zikawa moja.
Kilimani nyumba za udongo zimeachama,
madirisha hayana hata kope.

Gia ya tatu. Ya pili.
Milima ya hapa haivai nguo:
mifupa mitupu, rangi ya kutu, rangi ya kahawa iliyopoa,
na juu ya kila kona mnara wa mlinzi
uliomngoja adui hadi ukamsahau sura.
Unanihesabu: mmoja. Mwanamke. Hana bunduki.
Apite.

Baba alijifunzia baiskeli Tabora,
nyeusi, ya keria, breki za vyuma,
akisambaza mikate ya duka la ami yake.
Magoti yake siku hizi yanalia kama bawaba,
basi hunituma mimi.
"Kaniangalie Imti," husema,
"kisha unisimulie. Na usinirukie kona."

Kupanda mchongoma, kushuka ndio ngoma,
walisema, lakini wao hawakuwa na baiskeli.
Kwangu ngoma ni hii, ya kupanda,
mapaja yanawaka, jasho linaingia jichoni.
Kushuka ni harusi ya watu:
unapita tu, vigelegele vinakujaa masikioni,
na hukualikwa.

Kwenye mwinuko wa tatu mnyororo ukachomoka.

Nikiwa nimechuchumaa, vidole vyeusi, natukana kwa lugha mbili,
nikasikia baiskeli nyingine inakuja taratibu, inalia *kwiki, kwiki*:
Mofizul, wa mashamba ya mitende ya kwa Bin Hamyar,
na mzigo wa majani ya ng'ombe nyuma, mrefu kumpita yeye.
Haina gia ile. Haina hata kengele.
Alishuka, akaurudisha mnyororo kwa kijiti cha shina la tende,
akaitazama baiskeli yangu nyepesi kama mtu anavyomtazama
farasi wa bei kubwa aliyelala njiani.
Kisha akatikisa kichwa, akaonesha chini ya ukingo:
falaji.
Maneno yetu ya pamoja hayakufika kumi.
Alitumia mawili. *Fuata maji.*

Sikuwa nimewahi kuiona njia ile.
Upana wake mkono na nusu, udongo mgumu,
kulia ukuta wa mawe, kushoto mfereji,
maji yakinijia kwa sauti ya mtu anayesoma peke yake.
Waliouchimba walikwisha kuugua kilima hiki kabla yangu;
kila palipochongoka wakazunguka,
kila bonde wakalivusha kwa daraja la chokaa.
Mofizul mbele, majani yake yakinidondokea usoni,
hakusimama, hakuinuka kitini,
na mimi nyuma nikipumua kwa pua, kama niko sokoni.
Tukapita chini ya ndimu. Tukapita msikiti
usiozidi chumba cha kulala. Bibi mmoja aliyekuwa akiosha mchele
aliinua macho, akamsalimu Mofizul kwa jina,
mimi akanikagua kofia.

Nilidhani tunakwenda sawasawa, tambarare,
hata nilitaka kumuuliza kilima kimekwenda wapi.
Kwenye bwawa dogo akakata kulia, akapunga mkono, akapotea na majani yake.
Nikashusha mguu.
Jani la mndimu likapita karibu na kiatu changu,
linaelea, halina haraka,
linaelekea nilikotoka.

Nikageuka. Birkat al-Mauz ilikuwa chini kabisa,
mitende midogo kama mswaki.

Baba, hapo kuna kona moja
sijui nitakusimulia vipi.